Chumba na meza ni shauri moja: kisa cha familia ya watu wanne katika meli ya kitalii

Kisa hiki kinahusu watu wanne waliotaka kusafiri pamoja kwa usiku saba katika meli ya kitalii yenye urefu wa takriban mita 300: mume na mke, binti yao wa miaka 6, na mama mzazi wa mke, mwenye umri wa miaka 72, ambaye anatembea kwa mkongojo kwa sababu ya magoti na ambaye bahari humlevya hata katika kivuko cha nusu saa. Mtoto ana mzio wa karanga, wa kiwango ambacho wazazi wake hawatoki nyumbani bila sindano ya dharura. Kazi yangu ni kuwasaidia wasafiri kupanga safari za namna hii, na walipokuja kwangu walikuwa wameshafikia nusu ya uamuzi. Mke alitaka mama yake apewe chumba chenye roshani, kwa kuwa safari nzima ilikuwa zawadi ya kumshukuru. Mume alitaka vyumba vya bei ya chini kabisa, ili fedha zitakazobaki ziende kwenye mikahawa ya kulipia iliyomo melini. Suala la chakula kwa jumla walikusudia kulitazama baadaye, wakishalipia vyumba.

Niliwaomba wasilipe kwanza. Ninaamini, na kisa hiki kimenizidishia imani hiyo, kwamba chumba cha kulala na meza ya chakula katika meli ni shauri moja, wala si mawili yanayoweza kuamuliwa kwa miezi tofauti. Msafiri hula mara tatu kwa siku, na kila mara hutoka katika chumba kile kile, hupita ujia ule ule na husubiri lifti zile zile. Chumba kizuri kilicho mbali na meza huwa adhabu kwa mwenye magoti mabovu, na zamu ya chakula isiyopatana na usingizi wa mtoto huwatia wazazi tabu hata wakilala kwenye chumba cha kifahari.

Wazo lao la kwanza, la kukaa wote wanne katika chumba kimoja chenye vitanda viwili vya kuteremshwa kutoka darini, lilikufa lenyewe. Mfumo wa kuhifadhi nafasi uliukataa mpango huo ingawa vyumba vya aina hiyo vilionekana kuwa wazi. Jambo hili huwashangaza wengi, lakini lina sababu: kila kundi la vyumba hupangiwa mashua zake za kuokolea, na mashua hizo zikishajazwa hesabu, kampuni haiwezi kuongeza mtu wa tatu na wa nne chumbani hata kama kitanda kipo. Sikusikitika, kwa sababu chumba cha kawaida cha meli huwa na mita za mraba 15 hivi, na bibi mwenye mkongojo hapaswi kupenya usiku kati ya vitanda na masanduku ya watu wanne.

Zikabaki njia tatu. Ya kwanza ilikuwa vyumba viwili vya roshani kwenye sitaha (yaani ghorofa ya meli) ya 12, karibu kabisa na omo, ncha ya mbele ya meli, ambavyo mke alikuwa ameviona kwenye picha na kuvipenda. Ya pili ilikuwa vyumba viwili vya ndani visivyo na dirisha, vya bei ya chini, kwa masharti kwamba kampuni yenyewe ndiyo ingechagua mahali siku chache kabla ya safari. Ya tatu ilikuwa vyumba viwili vya sitaha ya 6 katikati ya meli, kimoja chenye dirisha ambalo kwenye ramani lilitajwa kuwa na mandhari yaliyozibwa kiasi, na kingine cha ndani, mkabala wake.

Njia ya pili niliiondoa mapema. Masharti ya kuachia kampuni ichague ni mazuri kwa kijana mwenye afya anayetaka kitanda tu, na nimewashauri wengi wayachukue bila wasiwasi. Kwa familia hii yalikuwa ni kamari, kwa maana hakuna aliyeweza kuwahakikishia kwamba vyumba viwili vingekuwa karibu, wala kwamba kimoja kisingekuwa mwisho kabisa wa meli. Chumba cha ndani kina sifa yake: kina giza kamili, na mtoto hulala humo kwa utulivu hadi asubuhi. Lakini mtu anayelevywa na bahari hupata shida zaidi pale ambapo sikio la ndani linahisi mwendo na macho hayaoni kinachosogea. Upeo wa bahari ukionekana, macho na sikio hupatana kidogo, na kichefuchefu hupungua.

Kuhusu sitaha ya 12 tulizungumza kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu mke alikuwa ameuweka moyo wake huko. Nilichukua karatasi, nikachora meli kwa ubavu, nikaweka alama katikati. Meli inapokutana na mawimbi ya mbele, omo huinuka na tezi, yaani sehemu ya nyuma, hushuka, kisha kinyume chake, kama ubao wa watoto wa kubembea. Ikiinama kwa digrii 1 tu, chumba kilicho mita 110 kutoka katikati hushuka karibu mita 2, na omo inaponyanyuka kwa kiasi kile kile, chumba hicho hupanda mita 2 juu ya pale kilipoanzia. Chumba kilicho mita 35 kutoka katikati hupanda na kushuka kama sentimita 60. Abiria wote wako katika meli moja na bahari moja, lakini mmoja hajalala na mwingine anauliza kama kulikuwa na mawimbi.

Kimo nacho kina hesabu yake. Meli inapokwenda mrama, yaani inapolala ubavu huu na kurudi ubavu ule, aliye juu husafirishwa mbali zaidi kuliko aliye chini: kwa digrii 2, mtu aliye mita 30 juu ya mhimili wa mrama husogea kando kama mita 1, na aliye mita 5 juu yake husogea chini ya sentimita 20. Meli za siku hizi zina mapezi ya chuma yanayochomozwa ubavuni chini ya maji ili kuutuliza mrama, na hufanya kazi hiyo vizuri. Mapezi hayo hayawezi kuzuia kwa kiasi kikubwa ule upandaji na ushukaji wa omo na tezi, na ndiyo maana urefu wa meli na mahali pa chumba bado vina uzito. Methali isemayo “enda tezi na omo, marejeo ni ngamani” hutumiwa kumwonya anayetangatanga, lakini ilitoka kwa watu waliokijua chombo, ambao ngama kwao ni sehemu ya chini ndani ya chombo, na kwa Mama yule ilikuwa na maana ya moja kwa moja: utulivu uko chini na katikati.

Mke aliuelewa mchoro, lakini hakukubali mara moja, na sikumlaumu. Alisema angependa tumsikie mwenyewe. Tulimpigia Mama simu, naye akajibu kwa sentensi moja ambayo iliamua mengi: “Mwanangu, mimi nataka kuona jua likichomoza baharini, mengine yote mtaniamulia.”

Kwa hiyo dirisha la sitaha ya 6 lililozibwa na mashua halikufaa, ingawa kwa mtu mwingine ningelitetea kwa nguvu, maana vyumba hivyo huwa vya bei nafuu na vimekaa pazuri kabisa. Tulitafuta njia ya nne, nasi tukaipata baada ya kuisoma ramani ya meli sitaha baada ya sitaha. Na hapa ndipo meza ilipoingia katika shauri la kitanda.

Ukumbi mkuu wa chakula wa meli ile uko sitaha ya 5, tezini, kama ulivyo katika meli nyingi. Katika ramani, eneo lililo mbele ya ukumbi limeachwa jeupe, bila maelezo. Weupe huo ndio jiko. Abiria hawezi kupita jikoni, kwa hiyo mtu anayeteremka kwa lifti za katikati hadi sitaha ya 5 hukuta ukuta, hulazimika kupanda sitaha moja, kutembea kuelekea tezi, kisha kushuka tena. Lifti pekee zinazomfikisha mlangoni mwa ukumbi ni zile za nyuma. Kutoka vyumba vya omo hadi lifti hizo kuna kama mita 150 za ujia mwembamba. Kwenda na kurudi kwa milo mitatu ni karibu kilomita 1 kwa siku, kwa mwanamke mwenye mkongojo, kabla hajaenda popote kwa hiari yake.

Tulichotafuta basi ni chumba kilicho nyuma kidogo ya katikati, si mbali na lifti za tezi, lakini si tezini hasa, kwa sababu huko mtetemo wa mitambo na wa rafadha, yaani mapanga yanayoisukuma meli, husikika kitandani. Tulikipata sitaha ya 8, mita kama 35 nyuma ya kitovu cha meli na hatua chache kutoka lifti za nyuma: chumba cha roshani kwa ajili ya Mama na mjukuu, na chumba cha ndani mkabala wake kwa ajili ya wazazi. Juu yake kulikuwa na vyumba, chini yake vyumba. Hili ninalisisitiza kwa kila ninayemshauri, kwa sababu kelele za melini hutoka juu na chini kuliko pembeni. Sitaha ya 12 waliyoipenda ilikuwa chini ya ukumbi wa mazoezi, ambako vyuma hudondoshwa sakafuni tangu alfajiri, na walio chini ya bwawa la kuogelea huamshwa na viti vinavyoburutwa kabla jua halijapanda.

Upande nao tuliuchagua. Siku mbili za kuwa baharini mfululizo meli ilipangiwa kuelekea kusini, na chombo kinachoelekea kusini huyapa macheo ubavu wake wa kushoto. Tulichukua kushoto. Kwa ajili ya mtoto tulikubaliana kwamba viti vya roshani visisogezwe kamwe karibu na reli, na kwamba komeo la mlango wa roshani, ambalo liko juu, lifungwe na mtu mzima tu.

Jambo moja zaidi lilinisumbua kuhusu sitaha ya 8, nalo ni usalama. Kukitokea dharura lifti hazitumiwi, na kituo chao cha kukusanyikia kilikuwa sitaha ya 4, yaani ngazi za sitaha nne. Tulijaza fomu ya abiria anayehitaji msaada mapema, ili mabaharia wawe na jina lake kabla ya kung'oa nanga. Kanuni ya zoezi la dharura nayo imekazwa kwa sababu ya msiba: baada ya Costa Concordia kugonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, mwezi Januari 2012, mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, SOLAS, ulirekebishwa, na tangu Januari 2015 zoezi la kuwakusanya abiria wapya hufanywa kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka, badala ya ndani ya saa 24. Nilimwomba mume atumie zoezi hilo kushuka ngazi zile pamoja na Mama polepole, ili wajue zinachukua dakika ngapi.

Zamu za chakula zilikuwa tatu kwa hesabu ya kampuni: zamu ya kwanza saa 12:00 jioni, zamu ya pili saa 2:15 usiku, na utaratibu huru wa kufika wakati wowote na kukaa popote palipo na nafasi. Mume aliupenda utaratibu huru. Una wapenzi wengi, na kampuni ya Norwegian Cruise Line iliujengea jina tangu mwaka 2000 kwa kuacha zamu maalumu na meza maalumu. Kwa watu wazima wawili wasio na mtoto ningeuunga mkono bila kusita.

Lakini nilimuuliza swali moja: usiku wa tatu, mhudumu ambaye hajawahi kumwona binti yako atajuaje habari ya karanga? Katika zamu maalumu meza ni ile ile, na wahudumu ni wale wale kwa usiku wote saba. Msimamizi wa ukumbi huleta orodha ya vyakula vya kesho jioni moja kabla, mzazi huchagua, na jiko huandaa sahani ya mtoto peke yake, mbali na nyingine. Katika utaratibu huru maelezo hayo hutolewa upya kila jioni kwa sura mpya, wakati ukumbi umejaa. Kwa mtoto mwenye mzio mkali, kufahamiana huko ni sehemu ya kinga yake. Mume alinyamaza kidogo, kisha akasema tuandike zamu ya kwanza. Zamu ya pili haikuhitaji mjadala, kwa kuwa binti hulala saa 2:00.

Zamu ya kwanza ina gharama yake, nami niliwaeleza wazi. Siku za bandarini ingewabidi warudi melini mapema, waoge haraka, na kuwa mezani wakati jua bado liko juu. Waliikubali. Tuliomba pia meza ya watu wanne, si ya watu wanane pamoja na wageni, na karibu na mlango.

Kwa kifungua kinywa na chakula cha mchana nilipendekeza wakae pia katika ukumbi mkuu inapowezekana, badala ya kwenda bufee iliyo sitaha ya juu. Huko vijiko vya kupakulia huhamishwa na watu kutoka chombo kimoja kwenda kingine, na kijiko kilichogusa karanga hakina alama. Mama aliuliza habari za magonjwa ya tumbo ambayo alikuwa ameyasikia. Norovirasi huenea haraka mahali watu wengi wanaposhika vitu vile vile, na dawa ya mikono yenye alkoholi haiiwezi vizuri. Sabuni na maji ndivyo vinavyoiondoa. Kwa meli zinazofika bandari za Marekani, kituo cha afya cha CDC hukagua usafi na kutoa alama hadi 100, na 85 au chini ya hapo ni kufeli. Taarifa hizo ziko wazi kwa kila mtu, na meli yao, ambayo ilikuwa chini ya ukaguzi huo, ilikuwa imefaulu vizuri.

Ilibaki mikahawa ya kulipia. Mume alitaka kifurushi cha jioni tatu, kwa sababu bei ya kila mlo ilishuka kwa kununua kwa pamoja. Nilimshauri anunue jioni moja tu. Ukumbi mkuu umeshalipiwa ndani ya nauli, kwa hiyo kila jioni ya mkahawa ni kulipa mara mbili kwa mlo mmoja. Juu ya bei iliyotangazwa huongezwa ada ya huduma, na bakshishi ya kila siku huendelea kuhesabiwa kwa kila abiria hata kama hakuonekana mezani kwake. Tena mkahawa alioutaka ulikuwa sitaha ya 14. Alinisikiliza kwa heshima na akanunua kifurushi cha jioni tatu.

Safari ilikwenda hivi. Jioni ya kwanza ya kifurushi ilipita kwa furaha, wazazi wawili peke yao, mtoto akiwa na bibi yake. Jioni ya pili, ambayo ilikuwa usiku wa nne wa safari, upepo ulivuma kutoka mbele na mawimbi yakakua. Mke aliniambia kwamba kule sitaha ya 14 maji yalikuwa yakimwagika kutoka kwenye glasi, na wakarudi kabla ya sahani ya pili. Walimkuta Mama amekaa kwenye kiti mlangoni mwa roshani, amejifunika blanketi, akiutazama upeo uliokuwa bado na mwanga kidogo. Alikuwa amemeza dawa yake tangu mchana, kabla ya kichefuchefu kuanza, kama daktari wake alivyomwelekeza. Aliumwa kidogo, lakini hakutapika. Mhudumu wa meza yao, alipoona kiti cha bibi kiko wazi, alikuwa amempelekea chumbani biskuti kavu na tufaha bila kuombwa. Jioni ya tatu ya kifurushi mtoto alikuwa na homa ya uchovu, na haikutumika.

Kosa langu nalo lilikuwamo. Nilikagua juu na chini ya vyumba vyote viwili, lakini sikukitazama vizuri chumba cha wazazi kwa pembeni. Kilikuwa na mlango wa kuunganisha na chumba cha jirani, na kwenye ramani mlango huo huonyeshwa kwa kialama kidogo sana kati ya namba mbili. Jirani walikuwa wageni waliozungumza hadi usiku wa manane, na mlango mwembamba hauzuii sauti kama ukuta. Usiku wa pili walikunja taulo na kuliziba pengo la chini ya mlango, ikasaidia kiasi. Jambo hilo lilikuwa la kuonekana kabla ya kulipa, nami ndiye niliyepaswa kuliona.

Macheo Mama aliyapata siku zote mbili za kuelekea kusini. Mwezi uliofuata walinirudia kupanga safari nyingine, na nilimuuliza yeye kwanza angependa kubadili nini. Alifikiri, akasema roshani ilikuwa nzuri lakini dirisha lingemtosha, ila meza ile, na zamu ile, na kijana yule aliyekuwa akikivuta kiti chake nyuma kabla hajafika na kuupokea mkongojo, asingekubali viguswe. Tumewaandikia sitaha ya 6 ya meli ile ile, nyuma kidogo ya katikati, dirisha lisilozibwa, hakuna mlango wa pembeni, zamu ya kwanza.